Usiku Kwanza, Kilomita Baadaye: Uchambuzi wa Fungate ya Njombe Hadi Kilwa

Septemba 2024 bwana na bibi harusi wa kata ya Ramadhani, mjini Njombe, waliazima gari la mjomba wakaenda fungate pwani ya kusini. Walishuka Songea, wakakata Namtumbo, Tunduru na Masasi hadi Mtwara, wakapanda na pwani kwa Lindi na Kilwa mpaka Dar es Salaam, kisha wakarejea kwa Morogoro, Iringa na Makambako. Mzunguko huo ni kama kilomita 2,200. Waliumaliza kwa siku 13, na ndugu wanashuhudia kwamba walirudi wakielewana vizuri kuliko walivyoondoka.

Ratiba yao yote ilikaa kwenye ukurasa mmoja wa daftari la shule: tarehe, mahali pa kulala, kilomita, saa ya kuondoka, na safu ya mwisho yenye swali moja, "Tutafika jua likiwepo?" Naichambua hapa kwa sababu imejengwa juu ya kanuni ambayo maharusi wengi wa Njombe na Makambako wanaweza kuiiga, na pia kwa sababu ina kasoro mbili ambazo atakayefuata anaweza kuzikwepa.

Bahari haionekani barabarani

Ukitafuta mtandaoni mfano wa fungate ya gari kando ya bahari, utakutana mapema na Great Ocean Road ya jimbo la Victoria, Australia. Barabara hiyo ya kilomita 240 hivi ilijengwa kati ya 1919 na 1932 na askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, na vipande vyake vingi vimechongwa kwenye majabali juu ya maji. Huko kuendesha ndiyo matembezi yenyewe. Unakwenda nusu saa, unasimama, unapiga picha, unaendelea, na jioni unalala mji mwingine.

Barabara yetu ya Mtwara hadi Dar ina tabia nyingine. Inaigusa bahari Mikindani, inaiona tena ukiingia Lindi, halafu inajificha ndani kati ya mikorosho, vichaka na vijiji hadi njia panda ya Nangurukuru. Kilwa Masoko yenyewe haiko njiani. Lazima uache barabara kuu na kukata kulia. Ukitoka huko unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lenye mita 970 na lililofunguliwa mwaka 2003, na mpaka uingie Dar wimbi utaliona kwa nadra.

Kwa mpangaji wa safari, jambo hilo linageuza hesabu yote. Uzuri wa pwani ya kusini uko vituoni, kwa hiyo saa zinazotumika kwenye usukani ni gharama, na unachonunua kwa gharama hiyo ni usiku na asubuhi za kukaa mahali. Anayeinakili ratiba ya Australia, kila siku mji mpya, ataishia kuziona nguzo za umeme za mikoa minne na bahari kwa dirishani.

Maharusi wetu walianza kuandika usiku. Mtwara tatu, Lindi mbili, Kilwa tatu: nane za baharini. Baada ya hapo ndipo wakatafuta malazi ya njiani: Songea, Masasi, Dar na Mikumi, usiku mmoja kila mahali. Jumla 12. Kanuni yao ilikuwa kwamba kituo chochote cha baharini kipewe angalau usiku mbili, au kiachwe kabisa. Ina mantiki. Usiku wa kwanza ni wa safari: mmefika na vumbi, mnatafuta chakula, mnagombana na feni ya chumbani. Asubuhi inayofuata, kama mnaondoka tena, mnaamkia kufunga mabegi. Ni usiku wa pili unaozaa asubuhi isiyo na haraka, na asubuhi hiyo ndiyo iliyowatoa nyumbani.

Tarehe ya kuondoka

Harusi ilifungwa Jumamosi tarehe 21. Gari liliondoka Jumanne tarehe 24. Pengo hilo limepangwa kwa busara, kwa maana harusi zetu haziishii ukumbini. Jumapili wageni wa mbali wanaagwa na zawadi zinahesabiwa. Jumatatu jioni kamati inavunjwa, hesabu za michango zinasomwa, na wenye madai yao, kuanzia mpambaji hadi mwenye muziki, wanamalizwa. Bwana harusi anayeondoka kabla ya kamati kuvunjwa atapokea simu za mweka hazina mpaka Masasi.

Msimu nao ulichaguliwa. Mikoa ya kusini hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili na Mei, na barabara ya pwani ina historia yake na maji. Mapema Mei mwaka huohuo, mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Lindi na Dar katika maeneo kadhaa, Somanga pakiwamo, na abiria wakakwama. Kufikia Septemba magari yalikuwa yanapita.

Mwisho wa Septemba una faida nyingine. Kusi linalovuma kwa nguvu kuanzia Juni hadi Agosti linakuwa limepungua, na bahari inaanza kutulia kuelekea matlai. Ukichelewa sana Oktoba, unaingia kwenye minada ya korosho: malori yanaongezeka kati ya Masasi na Mtwara, na vyumba vinajaa wanunuzi. Mwezi wa Ramadhani nao, nazungumzia mfungo na si kata, hubadilisha maisha ya miji hii. Mchana mama ntilie wengi hawapiki, na mgeni mwenye njaa hupata tabu.

Hesabu ya mwendo

Kwa kila siku ya barabarani waligawa kilomita kwa 60. Dereva wa Njombe anayejua gari lake linafika 120 ataona hesabu hiyo ni ya kizee, lakini ndiyo sahihi. Kila kijiji kina kibao cha 50, na vijiji havikauki. Askari wa tochi wako pale unapodhani hawapo, na wakati ule kila kosa lilikuwa shilingi 30,000. Ukijumlisha vituo vya mafuta, chai na kujinyoosha, wastani wa kilomita 60 kwa saa ndio unaobaki mkononi.

Siku ya kwanza, Njombe hadi Songea, ni kama kilomita 240, saa nne. Waliifanya fupi makusudi, kwa sababu mwili wa harusi bado umechoka. Mchana wakapata nafasi ya kuingia Makumbusho ya Maji Maji, mahali wanapokumbukwa mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Vita hivyo vilianzia milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, Julai 1905. Anayekwenda Songea hadi Kilwa kwa njia hii anapita kutoka ncha moja ya vita hadi nyingine, na kujua hivyo kunayapa majina ya vijiji uzito wake.

Siku ya pili ndiyo nzito: Songea, Namtumbo, Tunduru hadi Masasi, karibu kilomita 460. Lami ipo mwanzo hadi mwisho, lakini kati ya Namtumbo na Tunduru kuna ushoroba wa wanyama unaounganisha Selous na hifadhi ya Niassa ya Msumbiji, na tembo huvuka. Giza halifai hapo. Mnaelekea mashariki pia, na asubuhi jua linampiga dereva usoni; miwani ya giza ni kifaa cha kazi.

Kingine ambacho wengi hawakihesabu: Mtwara iko mashariki ya Njombe kwa zaidi ya nyuzi tano, na saa zetu ni zilezile. Jua la Mtwara huzama mapema kuliko la Njombe kwa dakika 20 hivi. Mtu wa Njombe aliyezoea mwanga wa saa kumi na mbili na nusu jioni atajikuta gizani huku akidhani bado ana muda. Ndiyo sababu safu ya mwisho ya daftari ilidai kufika kila mahali kabla ya saa kumi na moja.

Katika siku hiyo ya 460 waliandika pia kituo cha uamuzi. Wakifika Tunduru kabla ya saa saba mchana, waendelee Masasi. Wakichelewa, walale hapohapo. Ilitokea wakachelewa: walipata pancha mbele ya Namtumbo, na tairi la akiba nalo halikuwa na upepo wa kutosha. Waliingia Tunduru saa tisa. Bwana harusi alitaka kusukuma, bibi harusi akafungua daftari. Wakalala. Kesho yake wakafanya karibu kilomita 400 hadi Mtwara badala ya 200, wakafika saa tisa alasiri. Hasara yote ilikuwa nusu siku.

Usiku wa tatu ni akiba

Hapo ndipo ufundi wa ratiba hii unapoonekana. Mtwara na Kilwa zilipewa usiku tatu tatu. Mbili ni za kanuni. Ya tatu ni akiba iliyovaa nguo za mapumziko. Kama mambo yote yanakwenda, mnaitumia. Gari likiharibika au mmoja wenu akiumwa, mnaikata, na kituo hicho bado kina usiku wake wa pili. Lindi haiguswi, wala tarehe ya kurudi kazini.

Wanaopanga kwa kujaza kila siku hawana mahali pa kukata. Pancha moja ya siku ya pili inawafuata hadi mwisho, wanaanza kufika vituoni usiku, na kila asubuhi inaanza na lawama. Malazi pia yalilipwa kwa kufuata akiba hiyo: walilipa mapema kwa simu usiku mbili za Mtwara na mbili za Kilwa. Ile ya tatu waliiahidi kwa mdomo, na kulipia walipofika.

Mtwara siku zao zilitosha bila kukimbizana. Mikindani iko kilomita 10 hivi tu: mji wa nyumba za mawe kwenye ghuba, wenye boma la Wajerumani la mwaka 1895, ambako David Livingstone alianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Upande wa pili wa bandari kuna Msangamkuu, unavuka kwa kivuko na kushinda ufukweni. Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Mto Ruvuma, inadai siku yake yenyewe na gari lisiloogopa mchanga. Hawakwenda, na walifanya vizuri. Gari la mjomba lilikuwa la chini.

Saa za maji

Watu wa bara tunapanga safari ya pwani kwa kalenda ya jua na kusahau mwezi. Bahari ya upande wetu hupanda na kushuka kwa mita kadhaa, na ratiba yake inajulikana. Siku za bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa saa nne au tano asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Siku za maji mafu, katikati ya hizo, hujaa kuelekea adhuhuri, tena kwa kiasi kidogo. Kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50. Anayetaka kuogelea asubuhi siku ya bamvua ataukuta mwamba na majani ya bahari, maji yakiwa mbali.

Kwa bahati na mpango, Mtwara waliipata kwenye maji mafu, wakaogelea kabla ya chakula cha mchana. Kilwa ilikuwa kinyume: mwezi uliandama tarehe 2 Oktoba, siku waliyopanga kuvuka Kilwa Kisiwani. Nahodha waliyeongea naye jana yake hakuwapa nafasi ya kujadili. "Njooni saa moja asubuhi. Mkija saa nne, kaka, bi harusi wako atashuka kwenye tope." Walikuwa wameshachukua kibali Masoko mapema, kwa hiyo asubuhi hawakuwa na ofisi ya kusubiri. Mashua ilivuka maji yakiendelea kutoka. Saa za kupwa wakazimalizia ndani ya magofu: Gereza, Msikiti Mkuu, na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyetawala mji huu Ibn Battuta alipoutembelea mwaka 1331. Saa saba maji yakarudi, nao wakarudi.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zimo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Mgeni anayefika saa tano na kuondoka saa saba atasema ameona kuta. Aliyepewa asubuhi nzima ataona visima na mihrabu, na atapata kivuli cha kukaa.

Kasoro mbili

Ya kwanza ni Ijumaa ya Dar. Waliondoka Kilwa tarehe 4 Oktoba, zaidi ya kilomita 300, wakaingia Mbagala alasiri ya Ijumaa. Anayeijua Barabara ya Kilwa saa hizo hahitaji maelezo. Ya pili ni mwisho wa safari: Mikumi hadi Njombe, zaidi ya kilomita 400 zenye mlima Kitonga na malori yake, siku ya Jumapili, na kazini Jumatatu asubuhi. Fungate iliyopangwa kwa upole ikamalizwa kwa mbio.

Kasoro zote mbili zina dawa moja. Mtwara ingepewa usiku mbili badala ya tatu. Kilwa wangetoka Alhamisi, wangelala Dar siku ambayo foleni ni ya kawaida, Mikumi Ijumaa, na nyumbani Jumamosi, Jumapili ikabaki ya kufua nguo na kwenda kanisani. Akiba ya Kilwa ingetosha kubeba dharura. Na kwa mwajiriwa, sheria inampa siku 28 za likizo kwa mwaka. Kuomba siku moja zaidi ni nafuu kuliko kuendesha Kitonga ukiwa na usingizi.

Kulala Mikumi badala ya kufululiza hadi Iringa kulikuwa sahihi. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, mwendo umebanwa, na kila mnyama anayegongwa ana faini yake. Kuipita mchana, bila haraka ya kufika Iringa, ni matembezi ya bure.

Mambo ya mfukoni na ya mwili

Gari linalotumia lita 1 kwa kilomita 10 litakula lita 220 kwa mzunguko huu. Weka 240 kwa sababu ya mizunguko ya mijini. Kwa bei ya petroli ya wakati ule, iliyozidi kidogo shilingi 3,000, hiyo ni zaidi ya shilingi 720,000. Fedha hiyo itengwe kabla ya harusi. Kuisubiri itokane na masalio ya michango ni kujidanganya.

Afya inahitaji uangalifu zaidi kuliko fedha. Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, wakati Lindi na Mtwara ziko upande wa pili wa orodha. Mtu aliyekulia kwenye baridi ya Njombe hana mazoea ya chandarua, wala mwili wake hauna kinga ya aliyezaliwa pwani. Chandarua, dawa ya kupaka, na kupima mapema homa yoyote baada ya kurudi ni sehemu ya ratiba. Mganga wa Njombe aambiwe wazi kwamba mmetoka Kilwa.

Wasio na gari wanaweza kuifuata njia hiihii kwa mabasi. Kanuni ya usiku haibadiliki. Ila kila siku ya basi ihesabiwe kuwa imekwisha.

Asiye na wiki mbili

Mwenye siku tano au sita asijaribu mzunguko huu. Aende Ziwa Nyasa. Njombe hadi Songea, kisha Mbinga, na kutoka Mbinga kilomita 66 za lami hadi Mbamba Bay: jumla ni kama kilomita 400 tu. Njiani Umatengo kuna mashamba ya ngoro, vishimo vilivyopangwa mteremkoni kuzuia udongo usichukuliwe, na mwisho kuna mchanga, maji yasiyo na chumvi na usipa wa kukaanga. Wa Makambako wana njia nyingine, kupitia Mbeya na Kyela hadi Matema, chini ya milima ya Livingstone. Kote huko mlale usiku wa kwanza njiani, tatu ziwani, mmoja wa kurudi.

Hukumu yangu: ratiba ya maharusi wa Ramadhani ni nzuri, na kwa marekebisho ya usiku mmoja ni bora. Mnaofunga ndoa mwaka huu, chukueni karatasi kabla hamjafungua ramani. Andikeni mnataka kuamka wapi bila kufunga mabegi, na mara ngapi. Kilomita zigawanywe kwa 60 baadaye, na zisipotosha ndani ya likizo yenu, punguzeni miji, msipunguze usiku. Tairi la akiba lijazwe upepo kabla hamjatoka Njombe.